Mchezaji Mmoja Alionekana

Si zamani sana, maana betri za siku zile bado zina chaji, palikuwa na nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa. Wenyewe walikwisha kulibadilisha mara tatu, na la nne lilikuwa bado linajadiliwa na kamati. Ilikuwa na mito, milima, na Mlezi Mkuu wa Taifa, ambaye alikuwa amelilea taifa muda mrefu hata hakuna aliyekumbuka kama taifa liliwahi kuomba kulelewa.

Mlezi Mkuu alipotimiza miaka themanini, neno "umri" liliondolewa katika nyaraka zote za serikali, kwa heshima. Kadi za kliniki ziliachiwa pengo jeupe. Kitabu cha hesabu cha darasa la nne, kilichokuwa na swali la baba mwenye umri mara tatu ya ule wa mwanawe, kilikusanywa nchi nzima kikageuzwa trei za mayai. Msomaji aliweke jambo hili kibindoni. Mbele ya safari litatufaa.

Basi watoto wa nchi hiyo walikuwa wakipiga kelele, kama watoto wa nchi nyingine yoyote. Siku moja kelele zao zilivuka ukuta wa Ikulu zikamwamsha Mlezi Mkuu katikati ya kikao cha Baraza la Mawaziri. Mawaziri nao wakaamka. Kabla jua halijatua ilikuwa imeundwa Wizara ya Utulivu wa Watoto, na kabla mwezi haujaisha kila mtoto aliyeweza kukaa bila kuanguka alikuwa amepewa kishikwambi, kile kibao cha kioo chenye katuni zisizokwisha. Mabango yalisema: MTOTO MMOJA, KISHIKWAMBI KIMOJA, KIMYA KIMOJA.

Kimya kikashuka. Mbwa ndio waliokuwa wa kwanza kushtuka: walikaa vichochoroni wakingoja kurushiwa mawe, mawe hayaji. Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Kivumbi, alivishwa medali yenye ukubwa wa kisosi, akatoa hotuba ya saa tatu kuhusu umuhimu wa kunyamaza.

*

Katika mtaa wa Mapipa Sita aliishi Bi Siwema, fundi wa mito ya kulalia. Uani kwake palikuwa na jamvi, sindano ndefu, na magunia ya sufi meupe yaliyojazana hadi dirishani. Hapo ndipo alipoletewa mjukuu wake Kidawa, baada ya mama wa mtoto kupata kazi ya kufua mashuka katika hospitali ya mji wa mbali. Kidawa alikuwa na miaka sita, jambo ambalo serikali haikutaka kulijua.

Mtoto alishuka basini na kifurushi cha nguo mkono mmoja na kishikwambi mkono wa pili. Kifurushi alikisahau njiani. Hakula mpaka kioo kiwake. Hakuoga mpaka kioo kiegemezwe kwenye ndoo. Akiitwa aliitika "abee" bila kuinua macho, na ile abee haikuwa ya bibi yake, ilikuwa ya yeyote aliyepita.

"Mnyang'anye tu," alisema jirani yake, Mama Tabu, akiwa ameegemea ukuta wa ua. "Atalia siku mbili, ya tatu ataacha."

"Nimnyang'anye nimpe nini, Mama Tabu? Mkono mtupu haulambwi."

"Haya. Utamlea na kibao chake mpaka aolewe nacho."

Bi Siwema alichukua kitambaa cha maua akashona mto mdogo kama kiganja, akaujaza sufi. Siku ya kwanza alikaa kando ya mtoto akatazama naye zile katuni, akawa anauliza maswali. Huyu sungura kwao wapi? Mama yake anajua kama yuko huku? Mbona hanywi maji siku nzima? Kidawa alikosa majibu. Sungura mwenyewe hakuwa nayo. Walipomaliza kula, Bi Siwema akasema, "Mjukuu wangu, chombo chako kimekesha. Macho yake yanawaka tangu alfajiri. Tukilaze kidogo."

Wakakilaza juu ya ule mto, wakakifunika leso. Mara ya kwanza kililala kwa muda wa kuchemsha chai. Kesho yake kikalala mpaka chai ikanywewa, na kesho kutwa mpaka vikombe vikaoshwa. Kidawa alilia, tena si kidogo. Siku moja alitupa kijiko mpaka kwa Mama Tabu, na Mama Tabu akakirudisha kimeoshwa, bila neno. Bi Siwema hakufoka, wala hakusema "si nilikwambia." Alishona.

"Bibi, sina cha kufanya."

"Vizuri," alisema Bi Siwema, akatia uzi.

"Sina kabisa!"

"Vizuri sana."

Kwa hasira Kidawa alichomeka mkono ndani ya gunia la sufi. Mkono ukapotea. Akachomeka na wa pili. Baada ya muda kidogo ilibaki miguu tu, na gunia likawa linapiga chafya. Siku hiyo kishikwambi kililala mpaka jua likazama, na hakuna aliyekumbuka kukiamsha.

Watoto wa jirani walisikia chafya wakaja kutazama. Mzee Ruhinda wa duka la pembeni, ambaye kila mtu alimwita bahili, aliwawekea kopo tupu la maziwa. Aliligonga kingo kwa nyundo kwanza, lisije likamkata mtoto. Kwa kopo hilo wakaanza kombolela. Mmoja anafumba macho ukutani na kuhesabu, wengine wanajificha. Akikuona anakutaja jina na kugusa kopo, nawe umekamatwa. Lakini aliyebaki mafichoni akiweza kutoka mbio akalipiga teke kopo, wote waliokamatwa wako huru, na mtafutaji anaanza upya.

Katika kombolela Kidawa hakuwa na mfano. Mtaa mzima ulimtafuta, akaonekana siku alipotaka mwenyewe.

*

Mambo yaliharibika siku ya sherehe za taifa. Mlezi Mkuu alitakiwa apigwe picha akimrushia mtoto mpira. Mtoto alichaguliwa kwa mchujo wa mikoa yote. Mlezi Mkuu akarusha. Mtoto akautazama mpira unakuja, akanyoosha kidole kimoja, akaupangusa hewani kuelekea kushoto, kama wafanyavyo kwenye kioo. Mpira haukuondoka. Ulimpiga puani.

Picha ikazunguka dunia. Balozi mmoja wa nchi ya kigeni alionekana akiuma leso.

Usiku haukupita. Wizara ya Utulivu wa Watoto ilivunjwa, ikaundwa Wizara ya Uchezaji, katika jengo lile lile, na viti vile vile, chini ya Mheshimiwa Kivumbi yule yule. Alitoa hotuba ya saa nne kuhusu hatari za kunyamaza.

"Nani alituletea vile vioo?" alinguruma, medali ya kwanza ikimng'aa kifuani. "Nani huyo? Tutamsaka!"

Makofi yalikuwa makubwa. Akavishwa medali ya pili.

Sheria ya Uchezaji ilikuwa fupi. Kila kaya itakaguliwa. Kaya itahesabiwa kuwa imefaulu endapo mchezaji mmoja ataonekana, kwa jicho la mkaguzi, akicheza dakika sitini mfululizo. Rasimu ya kwanza ilikuwa imeandika "mtoto, yaani mtu mwenye umri wa chini ya miaka kumi," lakini karani mmoja alipofika kwenye lile neno alitokwa jasho, akafuta sentensi nzima, akaweka "mchezaji." Alipandishwa cheo.

Kaya isiyofaulu ilipigwa msalaba. Misalaba mitatu, mtoto wa kaya hiyo alipelekwa Kambi ya Uchezaji Sanifu kwa siku tisini. Kambini kulikuwa na ukumbi, na ukumbini kioo kikubwa kama ukuta wa msikiti, na watoto walikalishwa kwa mistari wakitazama jinsi watoto wanavyocheza.

Serikali iligawa na mipira. Kila mpira ulikuwa na namba ya usajili, na amri ndogo pembeni: HAURUSHWI.

*

Mkaguzi wa Mapipa Sita aliitwa Bwana Mshangama, mtu mrefu, mnyenyekevu, mwenye saa ya mkononi aliyokuwa akiitazama kama mtu anayeiomba msamaha. Alipoingia uani alivua viatu asichafue jamvi, na Bi Siwema akampenda hapo hapo.

"Hodi. Nimekuja kumwona mchezaji."

"Karibu, mwanangu. Anacheza."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

Bwana Mshangama alitazama ua. Palikuwa na kopo katikati, na msichana mmoja aitwaye Chiku akizunguka kwa kunyata kama paka. Mtoto mwingine hakuwapo.

"Anacheza, lakini hayupo?"

"Angekuwapo asingekuwa anacheza," alisema Bi Siwema. "Amejificha."

"Bi mkubwa, fomu yangu ina visanduku viwili. Ameonekana. Hakuonekana."

"Basi andika hakuonekana, na pembeni uandike kwamba anajua sana."

"Pembeni hapana nafasi."

Alikaa saa nzima, akanywa chai, akasaidia kuvuta uzi uliojifunga fundo. Alisikia kicheko ndani ya gunia, chafya nyuma ya pipa, miguu juu ya bati. Kwa jicho hakuona kitu. Akapiga msalaba, taratibu, kama mtu anayeua mdudu asiyemchukia. Mwezi uliofuata ikawa vile vile, isipokuwa mara hii alikuja na sukari yake.

"Umebaki mmoja, Bi Siwema," alisema akifunga fomu. "Na wa tatu nitakuwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, na televisheni. Nakusihi. Mweke tu mtoto hapo mlangoni na mpira wake, saa moja. Kwingine kote wanafanya hivyo."

Ilikuwa kweli. Mtaa mzima watoto walikuwa wakikalishwa milangoni siku za ukaguzi, mpira wa serikali mapajani, wakitabasamu kwa zamu. Kaya zote zilikuwa zimefaulu. Kwa Mama Tabu kulikuwa na cheti ukutani.

Jioni ya kuamkia ukaguzi wa tatu, Bi Siwema alimsuka Kidawa nywele.

"Kesho, mjukuu wangu, usijifiche."

"Kwa nini?"

"Watakuja watu. Ukae mlangoni na mpira."

"Niufanye nini?"

"Uushike."

Kidawa alifikiri. "Bibi, huo si mchezo. Huko ni kukaa na mpira."

"Najua. Lakini wasipokuona watakupeleka kambini. Siku tisini, Kidawa. Utatazamishwa kioo asubuhi mpaka jioni, na mimi sitakuwapo wa kukilaza."

Mtoto aligeuka kumtazama. Kisha akasema, "Nitakaa. Usilie kwenye nywele zangu, zitachafuka."

*

Mheshimiwa Waziri alitarajiwa saa tatu asubuhi. Saa tatu, watoto wa Mapipa Sita walikuwa wamekaa milangoni, wameogeshwa, wamepakwa mafuta, mipira mapajani. Saa nne ikapita. Saa tano, mafuta yakaanza kuchuruzika. Kidawa alikaa wima kizingitini kama sanamu ya benki, macho mbele, kwa kuwa aliahidi. Saa saba, mjumbe alikuja kusema Mheshimiwa bado anakunywa chai ya saa nne.

Bi Siwema alimtazama mtoto. Alimwona akinyoosha kidole, polepole, akiupangusa mpira upande wa kushoto. Mara moja. Mara ya pili. Yale macho ya zamani yalikuwa yanarudi.

Sindano ikamtoka mkononi.

"Kidawa," alisema. "Kopo liko wapi?"

"Bibi, umesema nikae."

"Nimekosea. Hata bibi hukosea. Nenda."

Hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Chiku alishafumba macho ukutani. Mtaa mzima mipira ya serikali ilibaki milangoni imekaa peke yake, nayo kwa kweli ilikaa vizuri zaidi kuliko watoto.

Hapo ndipo msafara ulipoingia. Yalikuwa magari kumi na moja: la Waziri, la wasaidizi wa Waziri, la medali, na mengine ambayo kazi yake ilikuwa kufuata. Mheshimiwa Kivumbi alishuka, akatazama kushoto, akatazama kulia. Aliona kopo, msichana mmoja, na bibi kizee anayeshona.

"Watoto wako wapi?"

"Wanacheza, Mheshimiwa," alisema Bwana Mshangama, na sauti yake ilikwenda ikipungua.

"Mbona siwaoni?"

Kamera zilikuwa zimeshawashwa, taifa linatazama moja kwa moja, na mtu aliyeandika hotuba ya saa tano hawezi kurudi nayo nyumbani. Akapanda juu ya kreti la soda.

"Wananchi! Mchezo ni uti wa mgongo! Mchezo ni mbavu! Mchezo, ndugu zangu, ni nyonga ya taifa!" Alishuka mwili mzima namna hiyo, kiungo kwa kiungo. "Mimi mwenyewe nimemleta mjukuu wangu Sudi. Yumo garini. Mtamwona akicheza, na mtajifunza!"

Bi Siwema, aliyekuwa ameketi karibu na gari, alikwisha kumwona Sudi. Alikuwa na umri ule ule usiotajwa, wa Kidawa, ameinamia kishikwambi cha dhahabu nyuma ya kioo cheusi. Watoto wa viongozi hawakuguswa na Sheria ya Uchezaji. Ilitosha wazazi wao kuizungumzia. Lakini gunia la sufi lilipopiga chafya, Sudi aliinua kichwa. Gunia likatoa kidole. Kidole kikakunjika: njoo.

Mlango wa gari ulifunguka upande ambao hapakuwa na kamera. Bi Siwema aliona, akainamisha macho kwenye mshono wake, akaona kuwa mshono ule unahitaji uangalifu wa pekee.

"Na sasa," alipaza sauti Mheshimiwa, dakika arobaini baadaye, akiwa amefika kwenye kisigino, "mjukuu wangu atawaonyesha!"

Msaidizi akafungua gari kwa mbwembwe. Kitini palikuwa na kishikwambi, kinajiimbia chenyewe wimbo wa sungura. Sudi hakuwapo.

Askari walitawanyika. Walipekua mapipa, wakatoa kuku. Mmoja wao alimpangusa kuku vumbi na kumrudisha alipomtoa, na Bi Siwema akaona. Mtoto hawakupata hata mmoja. Katika nchi hiyo askari walifundishwa kutafuta watu wanaokimbia. Wanaotulia hawakuwa kwenye mtaala.

"Sudi!" aliita Waziri. "Toka, babu anakuita! Ni amri!"

"Hatoki," alisema Chiku.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye ninayetafuta. Hatoki mtu kwa kuitwa. Mpaka atafutwe. Na anayetafuta ahesabu kwanza mpaka hamsini, macho ukutani."

"Nani kasema?"

"Ndiyo sheria."

Mheshimiwa Kivumbi aligeuka, akakutana na jicho jekundu la kamera. Nchi nzima ilikuwa inamtazama Waziri wa Uchezaji aliyempoteza mchezaji wake. Kijasho kikamtoka. Ndipo akatabasamu, tabasamu pana la mtu anayezama.

"Naam! Leo," alisema, "nitaonyesha mfano mimi mwenyewe!"

Akaweka uso ukutani kwa Mama Tabu, chini ya cheti, akaanza kuhesabu. Bwana Mshangama, kwa kuwa ndiyo kazi yake, alitazama saa, akaandika.

"Thelathini na tatu, thelathini na—"

"Umechungulia!" alipiga kelele Chiku. "Anza upya!"

"Sikuchungulia!"

"Umechungulia kwa jicho la kushoto!"

"Amechungulia!" likasema gunia.

Akaanza upya. Alipomaliza hamsini aligeuka akaona mguu nyuma ya pipa, akamtaja mwenye mguu, akagusa kopo, akapigiwa makofi na wasaidizi wote. Akajivuna. Akasogea hatua kumi kwenda kutazama juu ya bati. Nyuma yake upepo mweupe ulivuka ua, na kopo likasikika likiruka: kang'a, kang'a, kang'a, mpaka kwa Mzee Ruhinda.

"Kombolela!"

"Nani huyo?"

"Hujaona, huwezi kutaja," alisema Chiku. "Kalete kopo, uhesabu."

Ikawa hivyo mara tano. Suti ilipata sufi, kisha vumbi, kisha kitu cha kuku. Medali zilimgonga tumboni akikimbia mpaka akazivua akampa Bi Siwema amshikie, naye akaziweka kando ya jamvi, zilikofaa kuzuia upepo usipeperushe vitambaa. Mara ya nne, Mheshimiwa alipomnasa mtoto mmoja kwa kuviringisha pipa, alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kweli, kilichotoka bila kibali. Halafu akakumbuka cheo chake, akatazama kama kuna aliyekinasa. Walikuwa wamekinasa.

Mwishowe gunia lilipasuka, wakatoka watoto wawili weupe kama unga, wameshikana mikono. Yule wa kiume alikimbia mbio za mtu ambaye hajawahi kukimbia, magoti yakigongana, akalipiga kopo teke, akaanguka, akainuka na mchubuko kwenye goti, akautazama mchubuko ule kwa furaha kubwa.

"Babu! Umeshindwa! Anza tena!"

*

Kamera zilipozimwa, Mheshimiwa Kivumbi alijifuta sufi masikioni na kuwa Waziri tena.

"Lete fomu ya nyumba hii. Yule mtoto wa kike amejificha mchana kutwa. Msalaba wa tatu. Kambini, leo leo."

Kidawa alisogea akashika kanga ya bibi yake. Bi Siwema aliweka mkono juu ya kichwa cheupe cha mtoto. Mama Tabu, aliyekuwa na cheti, alikuja akasimama upande wake wa pili.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Mshangama, akitazama viatu vyake, ambavyo alikuwa amevivua. "Samahani. Kaya hii imefaulu."

"Imefaulu vipi?"

"Sheria inasema mchezaji mmoja aonekane, katika kaya, dakika sitini mfululizo." Akageuza fomu. Maandishi yake yalikuwa mazuri, ya mtu aliyefundishwa na mwalimu mwenye subira. "Mchezaji: mmoja. Alionekana: ndiyo. Dakika: sitini na tatu. Mashahidi: taifa zima."

"Mchezaji gani?"

Bwana Mshangama aliinua macho. "Wewe, Mheshimiwa."

"Upuuzi! Fomu ni ya watoto! Mtu wa umri wangu—"

Neno lilikwisha kumtoka. Uani pakawa kimya, kile kimya cha siku za vishikwambi. Wasaidizi wote walitazama kwingine. Juu ya gari la kwanza, ndani ya fremu yake, picha ya Mlezi Mkuu ilikuwa inatabasamu.

"Kipindi," alisema Waziri haraka. "Nilisema mtu wa kipindi changu."

"Sote tulisikia hivyo, Mheshimiwa," alisema Bi Siwema kwa upole. "Tena ulicheza vizuri. Kuchungulia utaacha taratibu."

Bwana Mshangama alimpa kalamu. Mheshimiwa Kivumbi aliitazama fomu, akaitazama picha, akatia sahihi. Sudi alibebwa garini akilia, amekumbatia kopo la maziwa, na Mzee Ruhinda bahili alisema wamwachie, analo jingine.

Msomaji asidhani kwamba serikali ilijifunza. Serikali ilitunga kanuni. Wiki iliyofuata Wizara ilitangaza kuwa kujificha sasa ni mchezo halali, mradi mtoto ajaze kwanza Fomu ya Kujificha, nakala tatu, akitaja kwa usahihi mahali atakapokuwa amejificha, ili mkaguzi apitie pale kumthibitisha.

Bwana Mshangama aliileta mwenyewe, na sukari. Bi Siwema alivaa miwani, akatafuta kalamu, akamwita mjukuu wake. Walinong'onezana kidogo. Kisha akaandika, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, akaijaza na ya Chiku, na ya Mama Tabu kwa ajili ya Tabu, na baadaye za mtaa mzima, zote jibu moja:

"Atajificha Ikulu, chini ya kiti cha Mlezi Mkuu."

Bwana Mshangama alisoma. Akavua kofia, akajikuna, akapiga muhuri.

Mpaka leo hakuna mkaguzi aliyethubutu kwenda kuthibitisha. Fomu zimejaa kabati, kaya zote zinafaulu, na uani kwa Bi Siwema kishikwambi kimelala juu ya mto wake wa maua, nusu saa kinaamshwa, kisha kinalazwa tena, na kopo linasikika mpaka jua lizame.

Hapo ndipo nilipofika. Aliyejificha na akae alipo. Anayetafuta na ahesabu bila kuchungulia.